Supavaiza hang'ati, acheni kujificha nyuma ya ndizi

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Tengeru, si mnajua Jumatano na Jumamosi ndo gulio lenyewe, nikamwona dogo mmoja namfahamu, yuko mwaka wa pili wa masta ya kompyuta, kachuchumaa nyuma ya mikungu ya ndizi kama mtu anayetafuta hela iliyodondoka. Nikamuuliza vipi tena. Akanionyesha kwa kidevu, na kweli hatua chache mbele supavaiza wake, mhadhiri anayemsimamia utafiti, anachagua nyanya. Dogo ana miezi miwili hajampelekea kitu. "Kaka, nikimaliza chapta ya nne, ile ya matokeo, ndo nitamtafuta, sa hivi nitamwambia nini?"

Nilicheka mpaka mama mwenye ndizi akaniuliza nanunua au nimekuja kumwagia mkosi. Ila kwenye hiace ya kurudi mjini kicheko kikaisha, maana na mi nilishajificha hivohivo, tena zaidi ya miezi mitatu.

Watu wakiulizwa kwa nini masta ya miaka miwili imefika wa nne utasikia laptop ilikufa, bando, umeme, kazi, familia. Yote yapo sikatai. Lakini kwa niliyoyaona mimi, kinachokula muda kuliko vyote ni aibu. Tumekuzwa kwamba kwa mkubwa unapeleka kitu kilichoiva, huendi na mikono mitupu, na shuleni ilikuwa unajaza karatasi unakabidhi unasubiri maksi. Sasa unafika kwenye research ambako unatakiwa upeleke kitu kibichi kila wiki, kina makosa, na mtu akione hivohivo. Hakuna aliyetufundisha hilo, yani hakuna.

Yangu ilianza kwa mbwembwe. Kichwa cha kwanza cha proposo yangu, yani andiko la kuombea utafiti, kilikuwa na akili bandia, blokchein, vihisi vya shambani na app ya simu, vyote kwenye sentensi moja, mistari mitatu. Dokta, yani supavaiza wangu, akachukua kalamu nyekundu akafuta, akafuta, yakabaki maneno machache tu: kutambua kutu ya majani ya kahawa kwa picha za simu. Nilitoka ofisini nimenuna kwelikweli, nikaona kaniua kipaji. Leo namshukuru, ile blokchein hata sijui nilitaka ifanye nini kwenye kahawa.

Halafu ratiba. Nilichora chati ya Gantt, ile ya kupanga kazi kwa miezi, nzuri sana, rangi nne, ikisema picha zinapigwa mwezi wa kwanza na wa pili. Dokta akaniuliza, kutu inashambulia lini? Sikujua. Mtu wa kompyuta unapanga kalenda ya kuandika programu, shamba lina kalenda yake. Kutu ni fangasi, inahitaji maji juu ya jani ili iote, kwa hiyo wewe ratiba yako iulize masika kwanza. Na usisahau barua, chuo kinakupa ya utambulisho, unaenda nayo kwa Katibu Tawala wa mkoa, anakuandikia ya wilaya, mimi nikaifuata mpaka Bomang'ombe, kutoka hapo mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Kila meza ina "rudi kesho" yake. Kwenye chati yangu hiyo kazi nzima nilikuwa nimeipa siku mbili.

Machame nikaingia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Kichagga, cha mzee mmoja, kahawa ziko chini ya migomba, mwanga unakuja vipandevipande. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikaanza kupiga picha kwa fujo. Mzee kaniangalia weee, mwisho akasema, "Kijana, unapiga mgongo wa jani, ugonjwa uko tumboni." Akaligeuza. Kwa juu lilikuwa na madoa ya njano tu ambayo ungeweza kudhani ni njaa ya mbolea, kwa chini unga wa rangi ya chungwa, akaupitisha kidole ukabaki kidoleni. Picha za siku nzima nikazifuta nimekaa kwenye jiwe. Hiyo wala haimo kwenye somo lolote la kompyuta nililosoma.

Nikarudi nikajifunza, mashamba 9, picha zaidi ya 2,000, kila jani nikalipiga mara tano au sita ili dataseti, mkusanyiko wangu wa picha, inenepe. Nikazimwaga zote folda moja, nikaiambia programu igawe kwa bahati nasibu, asilimia 80 za kufundishia modeli, yani programu inayojifunza kutambua kutu kwa kuona picha, na 20 za kupimia. Nikakesha na GPU, chipu ya hesabu nzito, ya bure ya Google Colab kule mtandaoni, ambayo nayo ukisinzia kidogo inakukatia, na alfajiri ikanipa usahihi wa asilimia 97. Aisee! Nikawanunulia wana chipsi mayai, nikapiga picha ya skrini nikamtumia dokta kwa WhatsApp na kale kaimoji ka roketi.

Akajibu mstari mmoja. "Hizi picha umezigawaje?"

Nikaisoma nikaona anachokonoa tu. Baada ya kama dakika kumi jasho likaanza. Jani moja lina picha sita, nne zimeangukia kwenye kufundishia, mbili kwenye kupimia, kwa hiyo modeli ilikuwa inapimwa kwa majani iliyoshayaona, kama mwanafunzi aliyepewa mtihani usiku wa kuamkia mtihani. Nikazigawa upya kwa shamba, mashamba 7 kufundishia na 2 ambayo modeli haijawahi kuyaona. Asilimia 68.

Hapo ndo nikapotea. Simu yake ikiita naiangalia mpaka inyamaze, nikiwa na shida ya ofisini natuma mtu, kuna siku nilizunguka nyuma ya maktaba kwenye matope ili nisipite mlangoni kwake. Mchana nilikuwa najidanganya kwamba napandisha ile 68 kwanza. Ukweli nilikuwa nabadilisha vitu ovyo bila kuandika nimebadilisha nini, mpaka toleo lililonipa 68 lenyewe nikalipoteza. Git, ile programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, nilikuwa naijua, nilikuwa naifundisha hata madogo wa digrii, yangu nikawa nahifadhi "mwisho", "mwisho2", "mwisho_kweli".

Nilipoenda mwishowe, niliingia na hotuba nzima ya kuomba msamaha. Hakuisikiliza. Alifungua laptop akanionyesha utafiti wa 2016 uliotumia picha 54,306 za PlantVillage, hazina ya picha za majani mazima na yenye magonjwa, modeli yao ilifika asilimia 99.35 kwenye picha za aina ileile, walipoijaribu kwa picha zilizopigwa mazingira mengine ikaporomoka mpaka kama 31, na wameliandika wazi, hawakulificha. Akaniambia hiyo tofauti yako ya 97 na 68 ndo disetesheni, ndo andiko lako la masta, kaandike. Miezi mitatu nilikuwa nimekalia chapta ya nne nikidhani nimekalia aibu.

Sasa sisemi masupavaiza wote ni malaika. Wapo wanaokaa na chapta wiki sita halafu wanakurudishia komenti moja ya nukta na mkato. Wapo wanaobadilisha mawazo kila kikao, leo ongeza, kesho punguza. Lakini dawa ya wote hao nimeona ni ileile, maandishi. Kila Ijumaa nilikuwa namtumia imeili ya mistari sita: nimefanya nini, nimekwama wapi, nataka unisaidie kuamua nini. Kikao kikiisha, usiku huohuo namwandikia tulichokubaliana. Akija kugeuka baadaye unamkumbusha kwa adabu, "Dokta, tarehe fulani tulisema hivi," na kweli mara mbili alicheka akasema basi tuendelee na ile. Mtu ana wanafunzi wanane na vipindi na vikao, hawezi kukumbuka modeli yako imekwama wapi, kumkumbusha ni kazi yako wala si kumkosea heshima.

Siku ya kutetea utafiti wangu, paneli ya watahini waling'ang'ania hiyohiyo 68 karibu nusu saa, na nilikuwa na majibu, kwa sababu dokta alishaning'ang'ania nayo mwaka mzima.

Yule dogo nilimpa hii ya mistari sita palepale sokoni, akiwa bado kachuchumaa. Jana kanitumia meseji kwamba kaandika, kaituma, na kajibiwa ndani ya saa moja. Nikamuuliza, dokta wake kasemaje?

"Kasema niende Jumatatu saa nne na nilichonacho. Halafu kauliza zile ndizi niliuziwa bei gani."