Mshahara wa mwalimu tunaulinganisha na wa nani?

Julai 2025 walimu wa Kenya walitia sahihi mkataba wa Sh33.8 bilioni kwa miaka minne, na mabishano yakarudi pale pale: wapo wanaosema mwalimu anaonewa, na wapo wanaosema analalamika ilhali ameshiba.

Hawa wa pili wana hoja. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wako jua kali, hawajui likizo ya malipo wala pensheni. Mwalimu wa kudumu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, analipwa hata Agosti shule zikiwa zimefungwa, na slipu yake ya mshahara inamtosha kukopa Sacco akaanza kujenga. Fundi wa pikipiki, hata awe stadi vipi, hapati mkopo huo.

Ila mwalimu amesoma, na anayefaa kupimwa naye ni msomi mwenzake. Mwaka 2024 madaktari wanagenzi waligoma wakidai Sh206,400 kwa mwezi kama mkataba wa 2017 ulivyosema, huku serikali ikitoa 70,000. Mwaka huo huo wakagoma walimu wanagenzi wa JSS, yaani sekondari ya msingi. Wao walikuwa wakipata 20,000, tena kabla ya makato. Daktari husoma miaka sita na kukesha zamu, hilo halina ubishi. Lakini miaka miwili ya ziada chuoni haizai pengo la mara kumi, kati ya 206,400 na 20,000. Pengo linatokana na wingi: zaidi ya walimu 300,000 wamesajiliwa na hawana ajira, kwa hiyo ukikataa 20,000 yuko atakayezichukua kesho.

Kwangu mimi, foleni hiyo inaumiza kuliko mshahara wenyewe. Ikiajiri, TSC humpa alama zaidi aliyehitimu zamani, na ni haki yake. Matokeo yake, wapo wanaoajiriwa wakikaribia miaka 40, na kustaafu ni 60: miaka 20 tu ya kupanda madaraja na kuchangia pensheni. Kabla ya hapo walifundisha chini ya BOM, bodi ya shule, wakilipwa kwa karo za wazazi. Karo ikichelewa, nao wanangoja. Walimu wa kike wengi hujifungua katika miaka hiyo hiyo, bila uhakika wa likizo ya uzazi yenye malipo. Jedwali la mishahara halionyeshi lolote kati ya haya.

Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vikirudi mezani, vidai miaka ya BOM na ya uanagenzi ihesabiwe katika daraja ambalo mwalimu anaanzia.