Naisoma Plagi, Wao Wanasukuma Vespa

Unguja watu wana huruma. Ukionekana umesimama na Vespa kando ya njia, hupewi nafasi ya kujieleza. Unasukumwa.

Mimi nilikuwa nimeizima makusudi. Hii PX yangu kongwe hunywa petroli iliyochanganywa na oili, mililita 20 kwa kila lita, na siku zile moshi wake ulikuwa unaanua nguo za majirani. Nikabadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachoipimia injini petroli, nikatoa namba 102 nikatia 100. Namba ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo tofauti huioni hata uvae miwani ya babu, lakini injini inaijua. Ukiibana mno petroli, pistoni inapata moto na kujam. Wa kukwambia ukweli ni plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, injini yako inaungua. Rangi ya chai ya maziwa, alhamdulillahi.

Ila isomwe kwa masharti: vuta moto wote, kisha zima swichi na kubana klachi kwa pamoja, uteleze kimya mpaka usimame. Ukiiacha ingurume polepole, masizi yanaifunika habari yote.

Nikatia plagi mpya, nikashika njia ya Bububu. Nikavuta, nikazima, nikateleza. Sijashuka, vijana wawili washashika kiti cha nyuma.

"Imezima, kaka?"

"La, nimeizima mwen..."

"Aa, kumbe hata swichi hujawasha!" Mmoja akaiwasha yeye. Wakasukuma, mkono wangu kwa mazoea ukaachia klachi, ikawaka. Nikashukuru. Ungefanyaje?

Nikaenda mbele, nikavuta tena, nikazima. Safari hii nikatelezea hadi mbele ya baraza la kahawa, karata zimepamba moto. Nikashuka mbio, nikafungua mfuniko wa kulia, nikatoa plagi kwa spana na kitambaa na kuiinua juani.

Karata zikasimama.

"Unatazama nini, mwanangu?"

"Rangi, mzee wangu. Iwe ya chai ya maziwa."

Kosa lilikuwa kuwaambia wanywaji kahawa. Mmoja akasema hiyo ni kahawa, tena ya jana. Mwingine akasema chai, ila maziwa ya kopo. Wa tatu akataka kwanza tuulizane majani kiasi gani. Mzee mkubwa akawanyamazisha, akanyoosha mkono: "Leta niione mimi."

"Ya moto, mzee!"

Alikwishaishika. "Laa ilaaha!" Plagi ikaruka, ikatumbukia chubwi kwenye ndoo ya kuoshea vikombe.

Muuza kahawa akanitazama mimi, si yeye. Mzee akajipuliza vidole, akazamisha mkono, akaitoa. Akachomoa leso, akaisugua ncha kwa subira yote hadi ikang'aa, hakuna chai wala kahawa, akanikabidhi.

"Haya. Ilikuwa chafu, ndiyo maana ikazima. Vijana, msukumeni!"