Mfuniko Umenuna

Mimi na gari langu tumenuniana. Linawaka vizuri, breki zinashika, hata ile taa ya ndani iliyokuwa na kiburi siku hizi inawaka. Kilichogoma ni mfuniko wa tenki la mafuta. Kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, hakina nati wala waya, kazi yake ni kukaa tu pale, na hata hiyo kimeifanyia kisirani.

Niliingia kituo cha mafuta na heshima zangu zote. Kioo nimeshusha nusu, sauti nimeituliza: "Kijana, jaza tenki." Maneno hayo mtu hajaliwi kuyasema kila mara, kwa hiyo siku ukiyapata unayatoa taratibu yafike mpaka pampu ya pili. Kijana akafungua kilango, akashika mfuniko, akazungusha. Wapi! Akaweka mpira wa pampu kando, akauma ulimi, akazungusha tena mpaka gari likatikisika na mimi ndani.

"Bosi, nani aliufunga huu?"

Swali gani hilo? Nikashuka. Na ukishuka tu, basi umeitisha mkutano. Mwenye pikipiki akasema tutafute maji ya moto. Mwingine akasema grisi. Wa tatu, hata gari hana, akasema magari ya siku hizi ndivyo yalivyo. Nyuma yangu mama mmoja akaanza honi. Si ile honi ya "samahani kaka", ni ile ya kulalia kabisa.

Jamaa aliyekuwa anajaza upepo akainama, akagonga bodi kwa kidole kama daktari, akatangaza: "Tenki lako lina presha."

"Hata mimi ninayo."

Hakucheka. Akaanza darasa, mfuniko bado umeng'ang'ania. Petroli haina utulivu, akasema. Jua likipiga inageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unasukuma. Ukiendesha, mafuta yanapungua, na hewa isipoingia kujaza nafasi yake tenki linanyonya, mfuniko unavutwa ndani. Ndiyo maana mfuniko wa maana una valvu ndogo, presha ikizidi inatoka, hewa ikipungua inaingia. Na mvuke haupotei bure, unapita kwenye kikopo chenye mkaa, mkaa unaushika, halafu injini ikishawaka inaunyonya na kuuchoma.

Mkaa! Nimelipia gari la petroli miaka yote hii kumbe natembea na mkaa.

"Kikopo hicho kikiziba, tenki halipumui," akaendelea. "Na kinachokiharibu ni hii tabia ya kuongeza mafuta pampu ikishajikata yenyewe. Petroli ya maji inafika kwenye mkaa." Wote tukamgeukia kijana wa pampu. Kijana akatazama viatu. Ni wao hao! Pampu inakata, wao wanaminya tena, kidogo, kidogo, ili hesabu iishie kwenye sifuri wasihangaike na chenji.

Hapo ndipo yule asiye na gari akapata wazo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti. Eti tuupashe moto mfuniko, plastiki itanuke.

Sijui nani alikimbia wa kwanza. Petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwenye miguu ya watu, na huyu bwana anataka kuwasha njiti! Mwenye pikipiki alimnyang'anya, akamtukana mpaka ukoo.

Mama wa honi akashuka. Hakusalimia. Akafunga kitambaa kiganjani, akausukuma mfuniko kwa ndani kwanza, kisha akauzungusha polepole, nusu, akasimama. Fssssss. Pumzi ndefu, na harufu ya kuumiza macho. "Usiung'oe kwa pupa, baba, mafuta yatakurukia usoni." Akasubiri mlio uishe, akautoa, akanikabidhi mkononi. "Haya, jaza uondoke."

Heshima ya "jaza tenki" ikaishia hapo. Nikasema aweke kiasi.

Na mfuniko ni mmoja tu wa maadui. Kuna ile kebo ya kilango iliyo chini ya kiti, ikikatika unaingia kwenye buti kichwa kwanza, miguu nje, wapita njia wanadhani umetekwa. Usipoukaza mfuniko mpaka ulie taka-taka, taa ya injini inaweza kuwaka, na fundi akiiona taa hiyo anaona ada ya shule ya watoto wake. Kuna wanaoziba tenki kwa tambara na mfuko wa plastiki, hao nawaachia Mungu. Na yapo magari ya kisasa ya umeme na petroli ambayo lazima ubonyeze kitufe usubiri presha ishuke ndipo kilango kifunguke. Yaani unabisha hodi kwenye tenki lako mwenyewe!

Halafu wapo waazimaji. "Dakika mbili tu, kaka." Analirudisha jioni, kiti kimesogezwa mpaka magoti yangu yanagusa usukani, redio iko juu, mshale wa mafuta umelala. Ukimuuliza mafuta yamekwenda wapi, anakutazama bila aibu: "Si jua hili, kaka. Yanageuka mvuke."