Mtoto asiyeona: hela iende kwenye mashine au kwenye midoli?

Msimu wa misaada ukifika picha ni zilezile, mgeni rasmi kashika boksi la mashine ya nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa ya wasioona, au tableti, watoto wamepangwa mstari nyuma yake, makofi, bas. Sijawahi kuona mgeni rasmi anapigwa picha anakabidhi mpira wa njuga au midoli ya kupapasa. Vifaa vya kusomea tunaviita msaada, vya kuchezea tunaviona kama anasa, na ukiwa na bajeti moja tu inabidi uchague.

Wanaosema mashine kwanza wana hoja, tena nzito. Chukua ile Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, chuma kitupu, inatengenezwa tangu 1951, vitufe sita na spesi, uzito unakaribia kilo tano. Mtoto anabonyeza, hapohapo anapeleka kidole juu anasoma alichoandika. Bila mashine anatumia kibao na msumari wake, anatoboa karatasi kwa nyuma akitokea kulia kwenda kushoto, herufi zote kazigeuza, alafu ndo ageuze karatasi asome, na huyo ni mtoto wa darasa la kwanza jamani. Shida ni bei, mpya inapita dola 700, kwa hela yetu ya Tanzania kama milioni mbili hivi. Kuna na Orbit Reader, kidude kidogo cha kusomea chenye seli 20, yaani nafasi 20 za herufi zenye nukta, nukta zinapanda na kushuka zenyewe, vitabu vinakaa kwenye memori kadi, wakati kitabu kimoja tu cha kiada kikichapwa kwa nukta nundu kinageuka mafurushi kadhaa. Kilimanjaro Blind Trust Africa pale Nairobi wamekuwa wakizipeleka kwenye shule za Kenya. Na kwa wakubwa wenye kompyuta kuna NVDA, programu ya kusoma skrini, bure kabisa, hata sauti ya Kiswahili ipo japo inaongea kama roboti lenye mafua.

Sasa njoo upande wa pili. Nukta zile zimeachana kama milimita mbili na nusu tu. Mtoto aliyelelewa kwa kubebwa, haruhusiwi kugusa jiko wala kuchambua mchele wala kuchimba mchanga kwa sababu "ataumia", anafika shule na miaka saba vidole havijui kitu, we unampa mashine ya milioni mbili afanye nini nayo? Vidole vinafundishwa kwa michezo, hamna njia nyingine. Ndo mana yale matofali ya LEGO yenye nukta yaliyoanza kusambazwa mwaka 2020 naona yalifikiriwa vizuri, kila tofali lina herufi ya kawaida pia, so dada yake anayeona anakaa naye chini wanajenga wote. Lakini hata bila hayo, trei ya mayai ipo. Kata kipande cha matundu sita, mawili kwa matatu, hiyo ndo seli yenyewe. Weka ndimu tundu la juu kushoto umepata a, ongeza ya pili chini yake umepata b. Na bao je? Mashimo na kete, mchezo mzima mtu anaweza kuucheza kwa vidole, sijui kwa nini hauko kila darasa la awali la wasioona.

Ila hapo kwenye trei ya mayai naomba tuwe makini, mana kuna watu wakisikia "vifaa vya mazingira yetu" wanafurahi kuliko inavyotakiwa, bajeti imepona. Mtihani wa darasa la saba haufanywi kwa ndimu. Mtoto wa mwenye nacho atapata Orbit, wa kijijini aambiwe abuni, hapana.

Alafu kuna kundi linasahaulika pande zote mbili, wenye uoni hafifu. Nenda shule ya wasioona kama Buigiri kule Dodoma utakuta watoto wengi wenye ualbino, wengi wao wanaona kiasi, wanachotaka ni lenzi, maandishi makubwa, kofia na kukaa mbele. Hao mashine haiwahusu sana, mwenye msaada angeuliza tu kwanza.

Msimamo wangu, kabla ya darasa la kwanza hela yote iende kwenye michezo, na mzazi afundishwe kumwachia mtoto ashike vitu. Kuanzia darasa la kwanza apate mashine, bila kuzungushwa. Lakini sio kwa mtindo wa sasa, vumbi likiingia kitufe kinaganda, fundi wa karibu yuko mkoa mwingine, mashine inaenda kabatini, kabati lina kufuli na ufunguo anao mkuu. Na mpira wa njuga nao unaishia humohumo usichafuke. Mi ningepewa hela ya mashine kumi ningenunua nane tu, ya tisa iwe ya spea na fundi, ya kumi ya midoli na kumfundisha mwalimu. Mfadhili atanung'unika kwamba namba kwenye ripoti imepungua, anung'unike tu.