Duara Nalo Ni Utafiti

Ukikaa kwenye semina ya wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Mwanza, haipiti saa moja hujasikia kwamba wanachimba maduara yao, yaani mashimo ya kushukia kufuata dhahabu, kwa kubahatisha. Dawa inayotajwa ni uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mtambo ili kupata sampuli, na STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, imekuwa ikiwapelekea mitambo ili wajue kilichoko chini kabla ya kufukua. Ushauri si mbaya. Kinachonikera ni hilo neno "kubahatisha".

Tupige hesabu. Mtambo wa kichwa cha almasi, kwa kipimo kiitwacho NQ, hutoa mche wa mwamba wenye kipenyo cha milimita 47.6. Mita moja ya mche huo ni kilo tano hivi. Hupasuliwa kati: nusu hubaki sandukuni, nusu huenda maabara. Huko husagwa, na katika unga huo gramu 30 au 50 tu ndizo huingia tanurini kupimwa dhahabu. Mtambo wa upepo, ule unaorusha juu chenga badala ya mche, una kasi na gharama yake ni ndogo, tena kila mita hutoa makumi ya kilo. Lakini nao huishia kwenye gramu zilezile. Mwenye duara la mita moja kwa mita moja, kila anaposhuka mita amekwisha kutoa tani mbili na nusu au zaidi za mwamba, na ameuona mshipa, ule mkanda wa mwamba wenye dhahabu, kwa macho yake unaponenepa na unapokonda.

Tofauti hiyo si ndogo, maana dhahabu ya mishipa haikukolea sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Hukaa punje hapa, punje kule. Kichwa cha mtambo kikipita sentimita chache kando ya punje, majibu yanarudi hamna kitu. Kampuni kubwa zinalijua hilo, ndiyo maana hutoboa mashimo kwa mamia. Sasa mwenye leseni ndogo, eneo lisilozidi hekta 10, akitobolewa mashimo manne akaambiwa hamna, hapo nani kabahatisha?

Hata hivyo duara lina mpaka wake. Maji yakianza kuingia, au kuta zikiwa laini na matimba, yaani magogo ya kuzizuia, ni machache, watu hufia humo, ilhali mtambo hushuka mita 100 bila mtu hata mmoja kuwa chini. Tena duara hukuonyesha mshipa pale ulipofika tu. Mche wa mwamba huonyesha jinsi mshipa ulivyoukata kwa mshazari, na ukilinganisha mashimo mawili matatu unajua unainamia wapi. Chenga haziwezi kukuonyesha mkato huo.

Basi mtambo uje, ila uanzie kwenye duara lililokwisha kuonyesha mshipa, utoboe kwa mshazari kuukuta chini zaidi. Na kabla ya kuuwasha, mchorongaji amuulize mwenye duara mshipa wake unalalia upande gani.