Baiskeli Moshi: nauli haielezi yote

Ukimuuliza mwanafunzi wa Moshi kwa nini amenunua baiskeli, kitu cha kwanza atakachokutajia ni nauli. Ni kweli. Aliyepanga chumba Pasua, upande wa chini wa mji, na anasoma Chuo Kikuu cha Ushirika, bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa, hela ya daladala na hela ya kula hugombania mfuko mmoja.

Lakini wapo wengi wenye shida hiyohiyo na bado wanatembea kwa miguu. Naona kinachomvuta zaidi mwenye baiskeli ni kutomngoja mtu. Daladala haiondoki mpaka ijae, na kipindi cha asubuhi hakimsubiri konda. Usiku, magari yakiadimika, anatoka maktaba muda anaotaka.

Sasa tuje kwenye mlima, maana Moshi imekaa chini ya Kilimanjaro na hilo halikwepeki. Barabara ya Sokoine inapanda taratibu kuelekea hospitali ya KCMC. Ukiwa ndani ya gari huoni kitu. Kwenye baiskeli isiyo na gia, magoti yanakuambia. Kijana anaingia darasani shati limemganda mgongoni. Jioni anateremka bila kukanyaga pedeli, na hapo ndipo raba za breki zilizolika, za baiskeli ya mtumba, zinapokuwa hatari kuliko mlima wenyewe. Masika, Machi hadi Mei, wengi huziacha baiskeli chumbani na kurudi kwa bodaboda. Siwalaumu hata kidogo.

Kwa msichana mambo ni mazito zaidi: sketi, maneno ya vijiweni, giza la kurudi peke yake. Wanaosema wasichana hawapendi baiskeli wanayaruka hayo yote, na hawawatendei haki.

Wizi wa baiskeli unaweza kupunguzwa na chuo chenyewe: kibanda chenye paa karibu na mlinzi wa geti kinatosha kuanzia. Barabara kuu ya kwenda Arusha ni suala jingine. Anayelala upande wa chini wa mji na kusoma upande wa juu lazima aikatize, kati ya mabasi ya Dar na malori ya Holili, mpakani na Kenya. Njia ya baiskeli pale ni kazi ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, na mpaka itakapojengwa, mzazi wa Rombo anayemkatalia bintiye baiskeli ana hoja ambayo sina jibu lake.