Dawa ya bomba tunaikimbia, dripu tunaililia

Hapa Mwanza mgonjwa hajatibiwa mpaka atundikiwe dripu. Mtu kaharisha tangu jana, lakini anakunywa, anaongea, na zahanati kafika kwa miguu yake. Akirudi na pakiti za ORS mkononi, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa, nyumbani wanaguna: "Yaani hata chupa moja hawakumwekea?" Nyumba hiyohiyo, bomba likifunguliwa asubuhi maji yakatoka yananuka klorini, mama mwenye nyumba anamwaga ndoo nzima na kumtuma kijana akachote kisimani, maana ya bomba "yametiwa dawa". Mabatini nimeyasikia haya, Igogo nimeyasikia, Kirumba pia. Naona tumegeuza mambo. Harufu ile ya bombani tungeishukuru, na chupa inayoning'inia tungeiulizia maswali.

Tuanze na bomba. Klorini ni gesi kali ya rangi ya kijani-njano. Carl Wilhelm Scheele aliitengeneza mwaka 1774, na mwaka 1810 Humphry Davy akatangaza kuwa ni elementi na kuipa jina. Atomu yake imepungukiwa elektroni moja, nayo huitafuta popote: kwenye bakteria, kwenye majani yaliyooza, hata kwenye shati lako la rangi. Ikishaipata inatulia, inakuwa kloridi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya kupikia. Kwa hiyo klorini iliyomaliza kazi yake ndani ya maji haibaki inakuvizia tumboni. Imeshageuka kuwa kitu ambacho damu yako imejaa tayari.

Unachonusa ni ile iliyobaki baada ya kazi, na inabakizwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linataka pale mwananchi anapochotea ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita, na ukomo wa juu kiafya limeuweka kwenye miligramu 5. Kati ya namba hizo mbili pana nafasi kubwa, na pua ya binadamu hulalamika mapema sana kabla ya ukomo. Sisi wa milimani ndio tunaoihitaji zaidi. Mabomba yetu yanapanda kwenye mawe, maji yanakuja kwa zamu, na bomba linapokuwa tupu hufyonza maji ya mtaroni kupitia kila ufa. Maji yakirudi, kinachopambana na uchafu huo ni klorini iliyobaki. Yakifika hayanuki chochote, mimi ndipo huwa na wasiwasi.

Wapo wanaosema klorini inaleta saratani, na hoja yao haikutoka hewani. Klorini ikikutana na mabaki ya mimea na mwani huzaa kemikali za jamii ya trihalomethani, ambazo zimewekewa viwango vya ukomo. Ghuba yetu yenye magugu maji na mwani haisaidii hapo, ndiyo maana maji huchujwa kwanza kabla ya kutiwa dawa ya mwisho. Lakini tupime vizuri. Hatari hiyo inahesabiwa kwa miongo ya kunywa. Kipindupindu kinaua mtu ndani ya saa chache. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika huku Kanda ya Ziwa, na ulikuta watu wanaokunywa maji yasiyonuka dawa hata kidogo.

Namna kipindupindu kinavyoua ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mzazi aijue, kwa sababu hapo kloridi inaonekana waziwazi. Mlinzi wa kwanza ni tumbo lenyewe: kuta zake huchukua kloridi kutoka kwenye damu na kutengeneza asidi ya haidrokloriki, na vijidudu vingi hufia hapo. Mwenye asidi hafifu huambukizwa kwa vijidudu vichache zaidi. Vikivuka na kufika utumbo mdogo, vinatoa sumu. Sumu hiyo haikwangui utumbo wala haileti damu. Inachofanya ni kuacha wazi mlango mmoja kwenye seli za utumbo, mlango wa kupitishia kloridi ambao kwa kawaida hufunguka kwa zamu na kufunga. Ukiachwa wazi, kloridi inamwagika utumboni. Ina chaji hasi, hivyo sodiamu yenye chaji chanya inaifuata, na chumvi ilipo maji nayo huenda. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa, choo kikitoka cheupe kama maji ya mchele.

Sasa ule mlango wa kloridi hatuna dawa ya kuufunga haraka. Bahati nzuri utumbo una mlango mwingine, unaoingiza sukari ya glukosi na sodiamu kwa pamoja, na huo sumu ya kipindupindu haiugusi. Sodiamu ikiingia, kloridi na maji huifuata. ORS imetengenezwa kwa siri hiyo. Lita moja kwa fomula ya mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za potasiamu kloridi, gramu 2.9 za sitreti na gramu 13.5 za glukosi. Sukari ile unayoionja haikuwekwa ili mtoto aipende. Bila hiyo chumvi haiingii.

Jaribio lake kubwa lilikuwa mwaka 1971 huko Bongaon, India, kwenye kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh. Dripu zilikuwa zinaisha na wagonjwa wamelala sakafuni. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa maji ya chumvi na sukari kwa kikombe, ndugu zao wakiwanywesha. Vifo vilivyokuwa vinakaribia asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Huwa nawatajia kisa hiki wanaoguna wakiona pakiti. Na kama pakiti haipo, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi. Chumvi usiizidishe kwa kudhani unaongeza nguvu ya dawa, hasa kwa mtoto.

Tuje kwenye chupa. Dripu ya kawaida, ile ya chumvi ya asilimia 0.9, ina gramu 4.5 za chumvi kwenye nusu lita. Kijiko cha chai hakijai. Hamna sukari, hamna vitamini, hamna "nguvu" tunayoisema. Hata ile ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari kwa nusu lita, pungufu ya soda moja. Mtu mwenye uwezo wa kunywa anatobolewa mshipa, analipia kitanda na chupa, kwa ajili ya kitu ambacho kingepita mdomoni.

Halafu kuna suala la kiasi. Damu ya mtu mzima ina kloridi kati ya milimoli 98 na 106 kwa lita, kwa makadirio ya maabara nyingi. Dripu hiyo ya chumvi ina 154. Chupa moja si neno, figo zitaimaliza. Chupa nyingi kwa mgonjwa mahututi ni habari nyingine, kwa sababu kloridi ikipanda, bikaboneti, ile inayozuia asidi kwenye damu, inashuka, na damu inaegemea asidi. Anayeharisha sana ameshapoteza bikaboneti chooni, kwa hiyo unamsukuma kule alikokuwa anaelekea. Ndiyo sababu kwa kipindupindu kikali kinachopendekezwa kwanza ni dripu ya Ringer lakteti, yenye kloridi 109 hivi, na ile ya chumvi inakuja kama Ringer haipo. Kwa aliyetapika mno hesabu inageuka: huyo amemwaga asidi ya tumbo pamoja na kloridi yake, na dripu ya chumvi ndiyo inayomfaa. Wataalamu wenyewe bado wanavutana kuhusu wagonjwa wa vyumba vya uangalizi maalumu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 15,000, uliona figo zikinufaika kidogo na dripu zenye uwiano, yaani zenye kloridi inayokaribia ya damu kama Ringer, lakini majaribio makubwa yaliyofuata hayakukuta tofauti ya vifo. Sisemi dripu ya chumvi ni sumu. Nasema ni dawa, na dawa huulizwa: ya nini, kiasi gani? Aliyezidiwa na kipindupindu, asiyeweza kunywa, huyo bila dripu atakufa, na akiwa mtu mzima anatakiwa kupata mililita 100 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa tatu. Hapo hatubishani.

Wazee wa Kisukuma wangetucheka kwa kuichukulia chumvi kama kitu cha bure. Misafara ilitoka Usukumani ikatembea hadi Ziwa Eyasi kuifuata, kwa sababu ziwa letu hili kubwa halina chumvi ya kuchota. Tofauti ya maziwa hayo mawili inafundisha jambo moja kuhusu kloridi: haiozi, haitui chini kwa urahisi, na mitambo ya kawaida ya maji taka haiitoi. Mito inaileta kila siku, jua linachukua maji na kuiacha. Ziwa Victoria lina pa kutolea, pale Jinja, Mto Nile unapoanza safari. Eyasi halina, limebaki na chumvi yake. Sato wetu wanaishi kwenye maji yenye kloridi kidogo kiasi kwamba lazima waikusanye kwa seli maalumu za mashavuni, aina ya seli ambazo watafiti Keys na Willmer walizieleza mwaka 1932 kwa samaki wa jamii ya mkunga. Hata nguzo za daraja la Kigongo–Busisi, zilizosimama kwenye maji yetu haya yasiyo na chumvi, zimepata nafuu hapo: nondo za Daraja la Tanzanite kule Dar zina maji ya bahari jirani, na kloridi ndiyo inayotoboa utando unaolinda chuma ndani ya zege.

Kwa hiyo wakaushaji wa kayabo, samaki wa chumvi, na wahifadhi wa ngozi wanaomwaga maji ya chumvi mtaroni wasijitetee kwamba "itaoza tu". Ziwa linaweza kuimeza. Kijito kama Mirongo hakina ukubwa huo. Na tusijifanye tunaichukia klorini wakati sabuni ya maji ya mtaani tunaipenda. Kostiki wanayonunua watengeneza sabuni wa Nyakato hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na mtambo huohuo, kwa tendo hilohilo, unatoa klorini.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Kila kioski cha maji kiwe na kipimo cha vidonge vya DPD, vile vinavyogeuza maji kuwa ya waridi kadiri klorini ilivyobaki, na msimamizi aandike namba ya siku kwa chaki ukutani. Kambi za wavuvi visiwani, ambako watu wanachota ziwani moja kwa moja, zipelekewe vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS kwa boti ileile inayopeleka barafu. Nimeshaambiwa watu wataiona namba wataogopa zaidi. Wataogopa mwanzoni. Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo ilipoletwa wapo walioikataa, na leo kila mtu anajua uniti zake zimebaki ngapi kabla hajapiga pasi. Na siku ukutani pakiandikwa sifuri, mama yule atakuwa na sababu halali ya kumwaga ndoo yake, au walau ya kuyachemsha maji kabla mtoto hajanywa.